Msiwaanzishie vijana Naruto, na msiwape anime kwa Kiingereza

Mhariri,

Ukurasa wenu wa vijana ulitoa orodha ya anime, yaani filamu na vipindi vya michoro vya Kijapani, ambazo eti kila mtu sharti azione: ya kwanza Naruto, ya pili One Piece, ya tatu Bleach. Kisha mkashauri zitazamwe kwa sauti za Kiingereza ili zieleweke. Yote mawili nayapinga, na kwa kuwa gazeti lenu husomwa hadi huku Lamu, naomba nafasi nieleze sababu. Barua ni ndefu, kateni panapowatosha.

Tuanze na hesabu. Naruto ya kwanza ina vipindi 220, na Naruto Shippuden ina 500. Kipindi kimoja ni dakika 24 hivi, kwa hiyo jumla ni saa 288. Mtu akikaa saa mbili kila usiku baada ya Isha, bila kukosa hata siku moja, atamaliza siku ya 144. Kwa anayetazama kwenye simu, ubora wa kawaida hula kama gigabaiti 1 kwa saa. Hesabu ya bando pigeni wenyewe. Wimbo wa kufungulia ni dakika moja na nusu na wa kufungia vilevile, basi ndani ya saa hizo mna saa 36 za nyimbo tu. Nyimbo zenyewe ni tamu, sikatai.

Tena si vipindi vyote vilivyo hadithi. Kazi hizi huanza kama hadithi za picha kwenye jarida la kila wiki la Japani, Shonen Jump, ambamo mchoraji hutoa sura moja ya kurasa 19 au 20. Kipindi kimoja cha televisheni humeza sura mbili, pengine tatu. Televisheni inamkimbiza mchoraji, na kwa mwendo huo lazima imfikie. Ikimfikia, pana njia tatu. Naruto ilijaza: kuanzia kipindi cha 136 hadi cha 219 karibu vyote ni hadithi za pembeni ambazo hazimo katika kitabu cha mchoraji, na ukiziruka zote hukosi kitu. One Piece, iliyoanza Oktoba 1999 na imekwisha kuvuka vipindi 1,000, ilichagua kuvuta: sura moja hutandazwa kipindi kizima, watu wakikodoleana macho na upepo ukivuma. Bleach ilisimama kwenye kipindi cha 366 mwaka 2012, ikarudi Oktoba 2022. Hizo tatu nazipenda zote kwa namna yake, lakini kumpa mgeni mojawapo iwe ya kwanza ni kama kumfundisha mtu kuogelea mkondoni wakati wa bamvua.

Anayeanza apewe kitu chenye mwisho, kinachotazamika usiku mmoja. Hapo mlango bora, kwangu mimi, ni filamu ya My Neighbor Totoro ya mwongozaji Hayao Miyazaki, ya mwaka 1988. Ni dakika 86. Hakuna adui ndani yake, hakuna vita, na mgonjwa pekee ni mama aliye hospitalini. Watoto wawili, Satsuki na Mei, wamehamia shamba na baba yao. Majina yao yote mawili maana yake ni mwezi wa Mei: Satsuki ni jina la kale la Kijapani la mwezi wa tano, Mei ni la Kiingereza. Mei ana miaka minne na ulimi wake haujakaa sawa. Viluwiluwi kwa Kijapani ni otamajakushi, yeye asema ojamatakushi. Hata Totoro ni neno lililoharibika: alitaka kusema tororu, zimwi la kwenye kitabu chake cha hadithi. Kwa Kiswahili kazi ni nyepesi, andika tu viwiluwilu na kila mzazi atacheka palepale. Jambo moja niwatahadharishe wazazi wa kwetu: mna onyesho ambapo baba anaoga na binti zake wadogo katika beseni moja kubwa. Ndiyo desturi ya nyumba za Japani, hakuna baya lililokusudiwa, lakini ni heri ujue kabla hujaitazama sebuleni pamoja na wageni.

Filamu ya pili naitia kwa ajili ya pwani: Ponyo, ya mwaka 2008. Imechorwa kwa mkono, michoro zaidi ya 170,000, na mawimbi yake yana macho kama samaki. Miyazaki alikuwa amekaa Tomonoura, bandari kongwe karibu na mji wa Fukuyama, na humo ndimo mandhari ya filamu yalimotoka. Bandari hiyo nusura ifukiwe sehemu yake ili daraja lipitishwe; wenyeji wakaenda mahakamani Hiroshima, na mwaka 2009 hukumu ikawa upande wao. Msomaji wa Lamu hahitaji kuongezewa neno hapo.

Kilichonishika ndani ya Ponyo ni vitu vidogo vya watu wa bahari. Baba yake Sosuke, mvulana wa hadithi hiyo, ni nahodha, na meli yake ikipita mbele ya nyumba usiku huzungumza na nyumbani kwa taa, kuwaka na kuzima, kwa alama za Morse. Mama, aliyekasirika kwa sababu mume haji nyumbani kama alivyoahidi, anarudisha neno moja tu tena na tena: baka, yaani mjinga. Halafu kuna kile chombo cha bati kinachokwenda kwa mshumaa. Watu hudhani ni uchawi wa filamu, na kweli Ponyo, samaki aliyegeuka msichana, hukikuza kwa uchawi, lakini chombo chenyewe ni cha kweli na hutengenezwa kwa mkono. Ndani mna kisanduku chembamba cha bati, au mrija wa shaba uliopindwa, na ncha zake hutokea nyuma chini ya maji. Mshumaa ukipasha, maji yaliyomo huwa mvuke na kuyasukuma mengine nje. Mvuke ukikutana na ubaridi wa mrija hurudi kuwa maji, nafasi hubaki tupu, na maji ya nje huvutwa ndani. Ndipo husikika po-po-po-po. Mbona hakiendi mbele na kurudi nyuma palepale? Kwa sababu maji yanayotoka hutoka kwa mkondo mmoja ulionyooka, na yanayoingia huja kutoka kila upande. Wanaoiga hukosea mahali pamoja: husahau kuujaza mrija maji kabla ya kuwasha mshumaa. Mrija mkavu hupata moto tu, na bati likaungua.

Bahari inapofurika, chini ya chombo hicho hupita samaki wa enzi za kale, na Sosuke anawataja kwa majina bila kukosea. Ni samaki wa zama za Devoni. Ukoo wa silikanti, samaki yule aliyevuliwa Malindi mwaka 2001, unaanzia zama hizohizo.

Spirited Away ya mwaka 2001 ndiyo wengi waijuayo, kwa kuwa ilishinda Dubu wa Dhahabu kule Berlin mwaka 2002 na Oscar mwaka 2003. Wazazi wa msichana Chihiro wanakula chakula kisicho chao na kugeuka nguruwe. Waliokwisha nilalamikia nguruwe waangalie vizuri, nguruwe pale ni adhabu, si kitoweo. Onyesho la kutazama mara mbili ni lile la mgeni anayenuka, aliyeletwa hamamuni anakofanya kazi Chihiro, akidhaniwa ni zimwi la uchafu. Chihiro anahisi kitu kama mwiba ubavuni mwake, anafunga kamba, wote wanavuta, na kinachotoka ni baiskeli, kisha taka za kila namna zikifuatana. Kumbe ni roho ya mto. Miyazaki aliwahi kushiriki kusafisha mto na kuvuta baiskeli tope likiwa limeikamata, na ndiyo maana uzito wa kamba ile unaonekana. Mji uliotengeneza jahazi la Flipflopi kwa plastiki na ndara zilizookotwa ufukweni utalielewa onyesho hilo bila mhadhiri.

Onyesho jingine ni la garimoshi linalopita juu ya maji, reli ikiwa imezama kama gati wakati wa maji makuu. Kwa dakika kadhaa hakuna anayesema karibu chochote. Hapo ndipo ninapoikataa ile desturi ya mabanda ya video, ya mtu kusimulia filamu juu kwa juu tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa filamu za ngumi msimulizi huongeza chumvi, na wako hodari kwelikweli. Kwenye garimoshi lile ataua kila kitu.

Princess Mononoke ya 1997 ni ya wakubwa kidogo. Mikono na vichwa hukatika. Grave of the Fireflies ya Isao Takahata ilitolewa siku moja na Totoro, tarehe 16 Aprili 1988, zikionyeshwa pamoja, na ni kosa kubwa kudhani basi zafanana. Ni ndugu wawili, kaka na dadake mdogo, wanaoachwa peke yao baada ya Kobe kupigwa mabomu mwaka 1945, na mwisho wake unaambiwa tangu dakika ya kwanza. Watu huona mchoro, husema katuni, humweka mtoto wa miaka sita mbele yake. Bodi ya filamu ya Kenya ina madaraja yake, GE (kwa wote), PG (kwa uangalizi wa mzazi), 16 na 18; yatumieni kwenye ukurasa wenu kila mnapotaja filamu. Perfect Blue ya Satoshi Kon, kwa mfano, ni kazi ya ajabu ya mwaka 1997, na mtoto haimhusu hata kidogo.

Kwa mfululizo, naanza na ile ambayo hamkuitaja na sidhani mliifikiria: Barakamon, vipindi 12, mwaka 2014. Kijana mwandishi wa hati kwa brashi, Seishu Handa, anaambiwa na mzee mkuu wa maonyesho kwamba hati yake ni ya kitabuni, haina roho. Anampiga ngumi. Babake anampeleka visiwa vya Goto akatulie. Kisiwani watoto wanaingia nyumbani kwake bila hodi, majirani wanaleta chakula bila kuombwa, na hakuna siri inayokaa hadi jioni. Mwenyeji wa Siyu, ambako misahafu iliandikwa kwa mkono na hati zake zikasifika pwani nzima, atajua aibu ya kuambiwa hati yako haina roho ni aibu gani.

Lugha yake ndiyo hoja yangu. Seishu anasema Kijapani cha Tokyo, wenyeji wanasema cha Goto, na nusu ya mzaha iko hapo. Kiingereza hakina pa kuiweka tofauti hiyo, huishia kuwapa wanakijiji lafudhi ya mashambani ya Marekani au kuwaacha waseme kama Seishu. Sisi tunayo tayari. Seishu aseme Kiswahili sanifu cha shuleni, wao waseme Kiamu, lahaja yetu ya Lamu. Yeye aseme amekuja jana, mtoto amjibu umekuya yana. Yeye aseme macho, wao mato. Mtoto wa Goto akimwita aende kutazama jua likichomoza baharini amwambie tu: ndoo uone. Hakuna lugha kubwa ya dunia itakayofanya kazi hiyo kwa urahisi kama yetu.

Mushishi, vipindi 26, ni ya mtu apendaye ukimya: mtembezi aitwaye Ginko huwatibu watu walioguswa na viumbe wasio wanyama wala mimea. Kila kipindi kinajitosheleza, hivyo kimoja kwa usiku kinatosha. Cowboy Bebop, 26 vilevile, mwaka 1998, muziki wa Yoko Kanno peke yake unatosha kukuita. Death Note ina vipindi 37, mimi husema imekwisha kwenye cha 25. Kinachofuata ni kurefusha. Attack on Titan ilichukua tangu 2013 hadi 2023 na ikabadilisha studio njiani, Wit kisha MAPPA. Ina nguvu, lakini damu ni nyingi na hasira ni nyingi kuliko damu. Vinland Saga huanza na kisasi, na msimu wa pili wote uko shambani, kijana akiwa mtumwa analima ngano na kung'oa visiki. Vijana wengi huulalamikia kwamba haupigani. Mimi nauona ndio bora.

Na Fullmetal Alchemist msikosee. Ziko mbili. Ile ya 2003, vipindi 51, iliufikia mkono wa mchoraji kabla hajamaliza, ikajitungia mwisho wake. Brotherhood, vipindi 64, ilianza 2009 na kumalizika Julai 2010, mwezi mmoja baada ya kitabu chenyewe kumalizika, na inafuata kitabu. Tazameni Brotherhood. Dosari yake ni kwamba vipindi kumi na kitu vya mwanzo vinakimbia mno, kwa kuwa watengenezaji walijua mtazamaji alishayaona hayo katika ile ya kwanza. Mvumilie hadi hapo.

Sasa picha. Filamu hupita fremu 24 kwa sekunde, lakini anime haichori 24. Kwa kawaida mchoro mmoja hukaa fremu mbili au tatu, yaani michoro 12 au 8 kwa sekunde, na mhusika akisimama anazungumza hubadilika mdomo tu. Mtindo huo ulishika mizizi na Astro Boy ya Osamu Tezuka, Januari 1963, pale ilipobidi kutoa kipindi kila wiki kwa fedha chache. Si uvivu. Fedha inabanwa pasipo na haja ili imwagwe penye haja. Wanaocheka sura zilizovutika katika kipindi cha 167 cha Shippuden, pambano la Naruto na Pain, wamesimamisha picha. Mchoro ule uliwekwa uonekane kwa sehemu ya kumi na mbili ya sekunde, macho yasome mwendo na si uso. Ukimsimamisha mcheza goma katikati ya hatua, naye atakuwa na sura ya kuchekesha.

Televisheni mpya zinaiharibu kazi hiyo zenyewe. Zina kitu cha kulainisha mwendo, kinachobuni fremu za katikati. Kwa mpira wa miguu kinafaa. Kwa anime, mashine inabuni michoro ambayo mchoraji hakuichora, mistari inatetemeka pembeni mwa uso kama joto juu ya mabati. Ingieni kwenye mipangilio ya picha, mkizime. Na kazi za zamani, Cowboy Bebop na Naruto ya mwanzo, zilitengenezwa kwa upana wa 4:3. Mkizivuta zijaze kioo cha 16:9, kila mtu atakuwa na uso kama sinia. Acheni weusi ukae pande mbili.

Nirudi kwenye Kiingereza. Mnasema sauti za Kiingereza hufanya anime ieleweke. Chukueni Kiki's Delivery Service ya 1989. Kiki, mchawi wa miaka 13, ana paka, Jiji, ambaye huzungumza naye. Kiki anapopoteza uchawi anasikia mlio wa paka tu. Mwishoni anaruka tena angani, na Jiji anakuja begani kwake na kulia nyau, basi. Hasemi tena. Uchungu na utamu wa mwisho ule uko katika nyau hiyo: msichana amekua. Sauti za Kiingereza za mwaka 1998 zilimpa paka sentensi, akazungumza, mambo yakawa kama hayakutokea. Waliotazama hiyo wametazama filamu yenye maana nyingine. Baadaye sentensi ilitolewa, lakini nakala za zamani zingali zinazunguka kwenye flashi.

Hata pasipo makosa makubwa kama hayo, Kiingereza kinakula adabu. Mjapani akirudi nyumbani husema tadaima, naye hujibiwa okaeri. Kwetu ni nimerudi, na karibu. Akitoka kazini huambiwa otsukaresama deshita. Mfasiri wa Kiingereza huhangaika, mara aandike kazi nzuri, mara aandike kwaheri, mara aache kabisa. Sisi tuna pole na kazi, neno kwa neno. Mzee asiye jamaa huitwa babu, mwanamke mtu mzima asiyejulikana huitwa bibi au shangazi, na aliyekutangulia shuleni au kazini hana jina tupu mdomoni mwako. Mwalimu, daktari na fundi wa sanaa wote huitwa sensei, kama vile maalim kwetu hakai darasani tu. Itadakimasu ya kabla ya kula ndiyo ngumu: mahali pake ni pa Bismillahi, lakini huwezi kumtilia Mei Bismillahi mdomoni. Iacheni bila maandishi, viganja vilivyokutana vinajisemea.

Na mdomo nao. Anime nyingi hurekodiwa sauti baada ya kuchorwa, na mdomo huwa na michoro mitatu: umefungwa, nusu, wazi. (Akira ya 1988 ilifanya kinyume, sauti kwanza, na ndiyo maana midomo yake inafuata maneno.) Kijapani ni silabi zilizo wazi, ka, ki, ku, sawasawa na Kiswahili. Tadaima ni ta-da-i-ma, nimerudi ni ni-me-ru-di: nne kwa nne. Otsukaresama deshita ni tisa, pole sana na kazi ni saba. Kiingereza huwa na silabi mbili hapo, mdomo ukabaki unapigapiga bure, kisha huongezwa maneno ya kujazia ambayo hayakuwamo. Kwa hiyo kituo chochote chenye leseni ya kuonyesha kazi hizi hapa Kenya, kikitaka kuingiza sauti za Kiswahili, kitaona kazi ni nyepesi kuliko ya filamu za watu. Kama fedha haipo, basi manukuu, yaani maandishi ya Kiswahili chini ya picha, sauti zikibaki za Kijapani.

Manukuu ni ufundi wenye vipimo. Mstari usizidi herufi 42, mistari isizidi miwili, maandishi yakae si chini ya sekunde moja wala zaidi ya saba, na msomaji asilazimishwe kupita herufi 17 kwa sekunde. Kwa watoto punguzeni. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtendaji, wakati na mtendwa pamoja, nitakapomwona ni neno moja, hivyo mstari hauvunjiki ovyo. Vunjeni baada ya mkato, au kabla ya kwamba, ili, na kwa sababu. Msiiache wa, ya au la ikining'inia mwisho wa mstari na nomino yake iko chini. Faili lenyewe ni maandishi matupu ya aina ya SRT, na kila kipande huwa hivi:

14
00:03:12,500 --> 00:03:15,000
Kaka, pole na kazi. Chai iko mezani.

Herufi 36 kwa sekunde mbili na nusu: zasomeka. Kabla ya elfu za sekunde ni mkato, si nukta, na baada ya kila kipande uachwe mstari mtupu. Makosa mengi ni hayo mawili. Hifadhini kwa mfumo wa herufi wa UTF-8, la sivyo huenda alama ya ng' ikatoka vidudu kwenye televisheni, na jina la faili lilingane na la filamu. Programu za bure zipo, Subtitle Edit na Aegisub.

Manukuu yakienda mbio au yakichelewa, tazameni mwanzo na mwisho wa filamu kabla ya kugusa chochote. Yakichelewa sekunde mbili mwanzo na mbili mwisho, sogezeni yote kwa sekunde mbili. Kwenye VLC, programu ya kutazamia filamu, kitufe cha G na H husogeza kidogokidogo. Yakianza sawa na kuzidi kupotea, tatizo ni kasi: faili limepimwa kwa fremu 25 kwa sekunde na filamu ni ya 23.976, ama kinyume chake. Baada ya saa moja tofauti hufika dakika mbili na nusu. Hapo kusogeza hakusaidii, badilisheni kasi ndani ya programu.

Mfasiri asiyejua Kijapani ataanzia kwenye Kiingereza, hakuna njia. Lakini kuna manukuu ya Kiingereza ya namna mbili: yaliyotafsiriwa kutoka Kijapani, na yaliyonakili sauti za Kiingereza. Ukichukua ya pili, Jiji atalia nyau na chini yake kutaandikwa sentensi nzima.

Na mahali pengine Kiswahili kitaingia ndani kuliko Kiingereza kilivyopata kuingia. Katika Spirited Away, Yubaba, mwenye hamamu ile, anamwajiri Chihiro na kumnyang'anya jina. Herufi zinainuka kwenye karatasi na kuingia kiganjani mwake, ikabaki moja tu. Jina Chihiro kwa maandishi ya Kijapani lina herufi mbili: ya kwanza ni elfu, ya pili ni pima, ile pima ya manahodha ya kupimia kina. Pima elfu, kina kisicho mwisho. Inayobaki ni elfu, na ikiwa peke yake husomwa Sen. Manukuu ya Kiingereza husema tu kwamba sasa unaitwa Sen, na mtazamaji hajui imetoka wapi. Yetu yaandike: Chihiro, Pima Elfu? Jina refu mno. Kuanzia leo wewe ni Sen, Elfu tu.

Mwisho, sahihisho. Mliandika kwamba Ghibli, studio ya Miyazaki iliyoanzishwa 1985, ni neno la Kijapani. Ni Kiarabu cha Libya, jina la upepo wa moto utokao jangwani, na asili yake ni kibla, kwa kuwa kwao huvuma kutoka upande huo. Waitaliano waliipa ndege yao jina hilo, na Miyazaki, mpenzi wa ndege, akalichukua kutoka kwao. Wajapani hulitamka Jiburi. Kwetu, tulio na kaskazi, kusi, matlai na umande, studio ya filamu kupewa jina la upepo haistaajabishi. Andikeni tu sawasawa.

Mpenzi wa anime,
Langoni, Lamu